Nimezurura London Mashariki bila ratiba: hivi nani hasa anaubadilisha mtaa?

#1 Mzururaji
Salaam wakuu. Jumamosi nilikuwa nasafiri kutoka King's Cross, treni ikafutwa, tukaambiwa ijayo ni jioni. Kukaa stesheni kutwa nzima sikuweza, nikazunguka nyuma nikakuta mfereji, Regent's Canal, nikaanza kuufuata kuelekea mashariki bila kujua unanipeleka wapi, nikaja kuibukia Hackney Wick miguu inawaka moto.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Njia nzima mtaa mmoja unaisha mwingine unaanza, na kila mmoja uko hatua yake. Nyuma ya King's Cross yalikuwa maghala ya nafaka na makaa ya mawe. Leo ghala la nafaka la 1852 ni chuo cha sanaa, ya makaa ni maduka tangu 2018, na yale matangi ya gesi ya zamani fremu zake za chuma zimeachwa zimesimama, ndani yake wamejenga flati za mviringo, yaani mtu analala ndani ya tangi. Ukifika Islington mfereji unaingia chini ya ardhi inabidi upande juu utembee barabarani, huko nyumba ni za wenye nazo. Ukishuka tena majini ukasogea mpaka Haggerston unakuta flati mpya zinaangaliana na nyumba za kaunsili, yaani za kupanga za halmashauri ya mtaa. Hackney Wick ndiyo kabisa, kiwanda kimejaa michoro ukutani na kreni imekiinamia.

Swali langu, nani anaanza? Mimi siku zote nimeamini wasanii wanatangulia kwa sababu ya kodi nafuu, wanafuata wenye migahawa ya kahawa, halafu wenye hela, mwisho wasanii wenyewe wanafukuzwa. Lakini kwa nilivyotembea juzi naona kila penye stesheni mpya pana kreni, kwa hiyo nahisi treni ndiyo kichwa. Mnaokaa huko nifunueni.

#2 BintiDalston
Pole kwa miguu mkuu, umepita karibu na kwetu. Mimi nasimama na treni na nimeiona kwa macho. Kabla ya 2010 ukitaka kutoka Dalston uvuke mto kwenda kusini ni basi na foleni mpaka unakoma. Ikafunguliwa njia ya treni ya Overground, stesheni za Dalston Junction, Haggerston, Hoxton, Shoreditch High Street, zote mwaka mmoja. Na juu kabisa ya stesheni ya Dalston Junction wakapandisha maghorofa ya flati.

Soko la Ridley Road bado lipo, mihogo na ndizi za kupika unapata. Ila simama katikati ya soko uinue kichwa. Chini meza za mboga na maturubai, kwa mbali balkoni za vioo. Wale wa kwenye balkoni wengi unawaona jioni, meza zikishaanza kufungwa, wanapita kwenda kunywa. Wanaishi hapo hapo lakini mchana na jioni ni mitaa miwili.

#3 Ramani_Mkononi
Binti nakuheshimu lakini hapo umeruka kitu. Lile daraja refu la matofali ambalo treni inapita Haggerston na Hoxton halikujengwa 2010. Ni la 1865, treni za kwenda stesheni ya Broad Street zilipita hapo miaka zaidi ya mia, njia ikafungwa 1986, daraja likakaa bure mpaka likaota miti, ndipo wakalifufua. Sasa kama treni ndiyo inaleta wenye hela, mbona miaka yote ile ilileta viwanda na moshi? Daraja lilelile, matokeo tofauti. Lazima kuna kitu kingine kiligeuka kati ya 1986 na 2010.

#4 Fundi_Randa
Mimi ni seremala, Shoreditch nilienda kuitazama kwa sababu ya kazi yangu. Curtain Road na vichochoro vyake ilikuwa nchi ya fanicha, mmoja anachonga miguu ya viti, wa jirani anapiga vanishi, wa tatu anauza. Angalia madirisha ya yale majengo, makubwa ghorofa zote, maana fundi hafanyi kazi gizani. Na tazama juu, baadhi yana mlango ghorofa ya pili, ya tatu, hauna ngazi wala kibaraza, unafungukia hewani tu, na juu yake chuma cha kuning'inizia winchi. Hapo ndipo makabati yalishushwa kwa kamba mpaka kwenye mkokoteni.

Viwanda vilipokufa wasanii wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakakuta mwanga, nafasi na kodi ya kutupa. Kwa hiyo mleta mada ile imani yako ya kwanza usiiache haraka. Ninachouliza mimi, seremala alikufaje? Maana msanii alikuta msiba umeshakwisha, hakuuleta yeye.

#5 Mpenda_Supu
Nimekaa mkao wa kula. Mleta mada tupia picha ya hao watu wanaolala kwenye tangi.

#6 Mwl_Kasuku
Wote mnazungukia nje ya nyumba, ingieni ndani muulize nyumba ni ya nani. Sheria ya Nyumba ya 1980 ilimpa mpangaji wa kaunsili haki ya kununua nyumba anayokaa kwa punguzo kubwa. Wengi walinunua na walifaidika, siwalaumu hata kidogo, mtu maskini kupewa nafasi ya kumiliki ataiachaje? Lakini nyumba zilizouzwa hazikurudishiwa nyingine za kutosha, na nyingi baadaye zikaishia mikononi mwa wapangishaji binafsi. Kisha ikaja sheria ya 1988 ikaondoa udhibiti wa kodi kwa mikataba mipya. Udhibiti wenyewe ulianza 1915 baada ya wapangaji wa Glasgow kugoma kulipa kodi wakati wa vita, kwa hiyo ni kitu watu walikipigania.

Unganisha hizo mbili. Nyumba ya umma inakuwa ya mtu, na mtu anaruhusiwa kupanga bei anayoitaka. Baada ya hapo ije treni, waje wasanii, zije kahawa, vyote vinakuta mlango uko wazi. Scotland waliufuta huo mpango wa kununua 2016, Wales 2019. England bado upo.

#7 MamaZawadi
Mwalimu umenigusa. Mimi nilikaa karibu na Broadway Market, hapohapo mleta mada alipopita. Flati yetu ilikuwa ya kaunsili zamani, mwenyewe akainunua, akamuuzia mwingine, huyo wa pili ndiye alikuwa mwenye nyumba wetu. Mtu mpole tu, bomba likivuja anakuja. Siku moja ikaja barua kwamba kodi inapanda, na kiwango kilichoandikwa hakikuwa cha mtu mwenye mshahara kama wangu. Tukahamia Barking. Zawadi alikuwa anamaliza shule ya msingi, akawa anaamka usiku wa manane kuwahi basi mpaka amalize mtihani, mtoto mdogo vile.

Kwa hiyo mkiniuliza nani anabadilisha mtaa, mimi sikumuona msanii wala treni. Niliona barua.

#8 BintiDalston
Pole sana mama yangu. Salamu kwa Zawadi, lazima ameshakuwa mdada mkubwa sasa.

#9 Ramani_Mkononi
Pole mama, na nakushukuru kwa kutuambia. Narudi kwa Fundi, nani alimuua seremala. Jibu langu ni watu kuhama. London mwaka 1939 ilikuwa na watu kama milioni 8.6. Ikaja vita, halafu serikali yenyewe ikaamua mji umejaa mno, sheria ya 1946 ikaanzisha miji mipya, Stevenage, Harlow, Basildon, familia na viwanda vikahamishiwa huko. Kufika miaka ya 1980 mji mzima ulikuwa chini ya milioni 7. Hebu fikiria mji unapoteza watu kiasi hicho, maghala yanabaki, shule zinabaki, nyumba zimezibwa madirisha kwa mbao. Nafasi na kodi ya kutupa aliyosema Fundi imetoka hapo. Baadaye watu wakarudi, sensa ya 2021 ni milioni 8.8. Wanaosukumana sasa wanagombania nafasi ambayo wazazi wao waliikimbia.

#10 Fundi_Randa
Hapo umenijibu nusu. Na bandari je? Meli za makontena zilihitaji maji ya kina na eneo pana, kazi ikaenda Tilbury, West India Docks ikafungwa 1980. Mbao zetu zilikuwa zinaingilia mtoni. Bandari ikifa mnyororo mzima unakatika, kuanzia mpakuaji mpaka fundi.

#11 Mpita_Kando
Wakuu mnaongea kama kubadilika kumeanza jana. Shukeni kutoka Shoreditch mpaka Brick Lane, kona ya Fournier Street, msimame mbele ya jengo moja la matofali. Lilijengwa 1743 kama kanisa la Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, wafumaji wa hariri. Mwaka 1819 likawa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi, Wayahudi waliokimbia mateso Ulaya Mashariki wamejaa mtaa. Tangu 1976 ni msikiti, wa Wabengali zaidi. Juu ukutani bado kuna saa ya jua yenye tarehe ileile ya 1743, hakuna aliyeing'oa. Na nyumba za Fournier Street ukiangalia darini utaona madirisha mapana kuliko kawaida, ni ya wale wafumaji, walitaka mwanga uangukie kwenye kitanda cha mfumi.

Jengo moja, watu wanne. Kwangu mimi London Mashariki ni mlango wa mji. Unaingia hapo ukiwa huna kitu, ukipata unasogea mbele na mwingine anaingia.

#12 MamaZawadi
Mpita Kando historia yako tamu na hilo jengo nalijua, lakini siyo kitu kimoja. Unasema ukipata unasogea. Sisi hatukusogea kwa sababu tumepata. Na aliyeingia nyuma yetu hakuwa mkimbizi, alikuwa na hela kutuzidi. Mlango ni uleule lakini sasa unafunguka kwa upande mwingine.

#13 Mwl_Kasuku
@MamaZawadi hilo alilisema mwanasosholojia Ruth Glass mwaka 1964, akiangalia hiyohiyo London, kwamba tabaka la kati linaingia kwenye mitaa ya wafanyakazi moja baada ya nyingine mpaka karibu wote wa mwanzo wanaondolewa. 1964 hiyo, Overground haijaota hata ndotoni. Islington uliyopita mleta mada ukaona nyumba za wenye nazo, Barnsbury hapo juu ya mfereji, enzi hizo zilikuwa za vyumba vya kupanga, familia chumba kimoja.

#14 Mpita_Kando
Nimekubali sehemu, si yote. Na hata huo mlango haukuwa wa maua. Altab Ali, mshona nguo wa Kibengali, aliuawa na wabaguzi 1978 karibu na Whitechapel Road akitoka kazini, maelfu wakaandamana na jeneza mpaka Downing Street. Bustani ya pale ikapewa jina lake 1998. Mtu akisema zamani mtaa ulikuwa mzuri namuuliza, kwa nani?

#15 Stratford_Mpya
Mnasahau serikali yenyewe ikiamua. Mleta mada umeishia Hackney Wick, ungevuka tu ule mto mdogo ungeingia kwenye uwanja wa Olimpiki ya 2012. Hapo palikuwa na Clays Lane, ushirika wa nyumba wa watu zaidi ya mia nne, wakaondolewa 2007 na nyumba zikabomolewa kupisha kijiji cha wanamichezo. Hapohapo Stratford wakina mama vijana wa kikundi cha Focus E15 walitolewa kwenye hosteli wakaambiwa nyumba zipo Manchester, Birmingham, Hastings. Mama ana mtoto mchanga, ndugu zake wote wako Newham, wilaya ya hapo Stratford, unampeleka Hastings kwa nani? 2014 wakaingia kwenye flati tupu za kaunsili za Carpenters Estate wakakaa humo kwa wiki mbili hivi dunia nzima ikaona. Hakukuwa na msanii hapo, ni maamuzi ya mezani.

Nikuongezee moja. Kwenye uwanja huohuo 2025 imefunguliwa V&A East Storehouse, stoo ya makumbusho, kuingia bure. Ndani wamesimamisha kipande cha Robin Hood Gardens, nyumba za kaunsili za Poplar zilizomalizika 1972 na kuanza kubomolewa 2017. Zege halisi, ukuta halisi wa flati za watu, wewe unapita unapiga picha. Nilisimama pale muda mrefu nikiangalia kingo za zile zege zilivyochakaa kwa mvua za miaka. Wameuthamini ukuta kuliko waliokuwa nyuma yake, na siwezi kulisema hilo kwa upole.

#16 Mpenda_Supu
Uzi umekuwa mzito. Naomba kuuliza kitu chepesi, huo mfereji ulichimbwa kwa ajili ya treni za King's Cross?

#17 Ramani_Mkononi
Hapana, mfereji ni mkubwa kwa treni. Ulikamilika 1820, stesheni ya King's Cross ni 1852. Boti zilivutwa na farasi anayetembea pembeni. Ukipita chini ya madaraja ya zamani shika kona za chuma utakuta mifereji myembamba iliyokatwa ndani ya chuma, si nyundo ile, ni kamba za farasi zilizosugua miaka na miaka zikiwa na mchanga na maji. Upande wa magharibi karibu na Regent's Park kuna daraja la Macclesfield, boti ya baruti ililipuka chini yake 1874, daraja likaruka. Walipolijenga upya nguzo zilezile wakazigeuza, kwa hiyo zina alama za kamba pande zote mbili, za kabla na za baada ya mlipuko.

#18 Mpenda_Supu
Hii ya nguzo imenimaliza. Asante.

#19 Mzururaji
Asanteni sana jamani, sikutegemea. Ila mmenichanganya zaidi, kila mmoja nikimsoma namuona yuko sahihi. Nipeni basi dalili, nikitembea tena niangalie nini kabla mtaa haujageuka?

#20 BintiDalston
Soma nguzo za taa. Kaunsili hubandika matangazo ya maombi ya ujenzi kwenye karatasi iliyofungwa plastiki. Yakiwa mawili matatu kwenye nguzo moja, na karakana ya magari pembeni imefunga, basi.

#21 Fundi_Randa
Angalia kiwanda kinapopewa jina la kilichokuwa kinatengenezwa. Kikiwa kinafanya kazi hakina haja ya kujitangaza hivyo.

#22 Mpita_Kando
Nyumba za mstari mmoja zikiwa za zamani halafu katikati inaingia moja au mbili za matofali mengine, hiyo mara nyingi ni bomu. Ukitoka kwenye mfereji Grove Road, Bow, kwenye daraja la reli kuna kibao, kombora la kwanza la Wajerumani la V-1 kuangukia London lilipiga hapo 13 Juni 1944, watu 6 wakafa. Barabara hiyohiyo 1993 msanii Rachel Whiteread alimwaga zege ndani ya nyumba ya mwisho iliyobaki kwenye mstari uliobomolewa, kisha kuta zikatolewa ikabaki umbo la ndani, madirisha, mahali pa moto, ngazi, vyote kinyumenyume. Akapata tuzo ya sanaa ya Turner Prize mwaka huohuo na kaunsili ikaibomoa Januari 1994. Leo ni majani tu pale.

#23 Mwl_Kasuku
Mimi ningeangalia vibao vya mlangoni. Jengo moja likiwa na mlango mkubwa wa mapokezi na mlango mwingine mdogo wa pembeni, uliza nani anapita wapi.

#24 Hesabu_Safi
Nimechelewa. Naona hakuna aliyetaja fedha zenyewe. Oktoba 1986 soko la hisa la London lililegezewa masharti, mabenki ya nje yakaingia, yakahitaji ofisi kubwa kuliko City, ule mtaa wa zamani wa mabenki, ilivyoweza kutoa. Canary Wharf ikasimama juu ya zile docks zilizofungwa alizosema Fundi, ule mnara wa kwanza ulikamilika 1991, treni ya DLR ilishafika eneo hilo 1987. Ramani uliuliza nini kiligeuka kati ya 1986 na 2010. Ni mishahara. Daraja lilibaki lilelile lakini kila upande wa mstari kukawa na watu wanaolipwa kwa namna ambayo seremala hakuwahi kulipwa.

#25 Ramani_Mkononi
Hiyo nimeipokea, inajaza pengo langu. Lakini haielezi kwa nini Dalston ligeuke haraka na Poplar, iliyo jirani kabisa na mabenki, ikae miaka na miaka vilevile.

#26 BintiDalston
Kwa sababu ya Overground! Nimesema tangu posti ya pili.

#27 Stratford_Mpya
Binti, Elephant and Castle ina treni ya chini tangu 1890, na ikabaki mtaa wa watu wa kawaida zaidi ya karne. Kilichoigeuza ni kaunsili kuamua kubomoa nyumba zake za Heygate Estate, halafu shopping centre ya 1965 nayo ikafungwa 2020, wafanyabiashara wa Amerika ya Kilatini waliokuwa humo wakatawanyika. Treni ilikuwepo muda wote inaangalia.

#28 BintiDalston
Elephant ni ng'ambo ya mto, mkuu, tuzungumze mashariki. Whitechapel imepata Elizabeth line 2022. Twende tukaiangalie wote kwa macho, uniambie kreni zile zimefuata nini.

#29 MamaZawadi
Mkienda niiteni, mimi natokea Barking, na Whitechapel nina shoga yangu anapanga nyuma ya hospitali. Yeye ndiye wa kuulizwa kama barua imeshafika.